Mtoto Afundishwe Kumjua Jirani

Katika shule za msingi za Uganda, Maarifa ya Jamii ni moja ya masomo manne yanayotahiniwa mwishoni mwa darasa la saba. Wako wanaolidharau, wakidhani ni somo la kukariri majina ya milima, maziwa na makabila tu. Mawazo hayo ni ya makosa, na historia ya Ankole yathibitisha hivyo.

Juu ya kilima cha Kamukuzi, mjini Mbarara, ndipo lilipokuwa jumba la Omugabe, mfalme wa Ankole, mpaka falme zilipofutwa mwaka 1967. Raia zake hawakuwa wa aina moja: walikuwako Wahima wafugaji na Wairu wakulima, wenye lugha moja lakini maisha mbalimbali. Kusini-mashariki ya mji huo, kando ya Ziwa Nakivale, yapo makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo.

Mwezi wa Oktoba 1982, baadhi ya viongozi wa wilaya ya Mbarara, vijana wa chama kilichotawala cha UPC, na askari wa Kikosi Maalumu cha polisi, waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Rwanda, au makazi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda, waliohukumiwa kwa asili yao tu. Matokeo yake hayakuwa amani, kwani baadhi ya vijana waliofukuzwa waliingia msituni wakajiunga na jeshi la NRA.

Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii za asili za Uganda, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Lakini sheria haimfikii mtoto mpaka mwalimu aitie uhai. Mwalimu hodari humtaka kila mtoto aeleze jinsi kwao wanavyosalimiana, wanavyompa mtoto jina na wanavyomkaribisha mgeni. Hapo mtoto wa Mhima na mtoto wa Msomali hugundua kwamba wazee wao wote huthamini maziwa na mifugo. Mwalimu anayefundisha kwamba kabila hili ni la wezi na lile ni la wavivu, huyo hafundishi. Anapanda mbegu ya Oktoba 1982.

Jambo hili lawahusu sana askari jeshi na polisi. Askari aliyechoma nyumba ya jirani alikuwa mtoto zamani, na amri mbovu ilimkuta tayari ameshaamini kwamba jirani huyo ni mgeni. Askari wa leo anayajua yaliyo bora kuliko hayo, maana kambini hula sahani moja na watu wa makabila mengi na kuelewana nao kwa Kiswahili. Yafaa basi ayapeleke hayo nyumbani kwake, asiruhusu matusi ya kikabila mbele ya watoto. Na asimamapo kizuizini barabarani, amtazame kila mpitaji kwa matendo yake, si kwa sura wala lafudhi yake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto huyo ndiye askari wa kesho.