Baada ya Maumivu Kutulia

Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's, kituo cha kuwatunza wagonjwa mahututi, jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho, yamesukwa pamoja kama ukili. Huko Kampala, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dakta Anne Merriman, huwapa wagonjwa mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu, na kuwafuata majumbani.

Mwili wa mgonjwa ukitulia, ndipo maumivu yale mengine hujitokeza kama maswali. Nani atawatazama wanangu? Je, Mungu amenikasirikia? Ndugu yangu atanisamehe?

Hapo, tafadhali, usikimbilie kujibu. Vuta kigoda, kaa, sikiliza. "Pole" moja ya dhati hufariji kuliko mahubiri marefu. Muulize kama anataka dua, sala, au kukaa kimya tu. Afuate imani yake, si yako.

Nawe unayeuguza, jitengee dakika chache alfajiri, nyumba ikiwa bado kimya, uvute pumzi taratibu. Uchovu huzaa ukali, na mgonjwa huuhisi. Na kama yupo mtu anayetaka kumwomba mgonjwa radhi, mpigieni simu leo, mgonjwa angali anasikia.