Subira ya Lipu Mpya



Malipo ya korosho yakipatikana, mkulima wa Nambambo hupiga lipu nyumba yake na kutamani kuipaka rangi juma hilohilo. Haraka hiyo ni hasara. Lipu mbichi ya saruji ina maji na ukali uunguzao rangi ya mafuta hata ikabanduka. Yafaa isubiriwe majuma 4, na zaidi wakati wa mvua. Nailoni ibandikwe ukutani kingo zote usiku kucha. Ikikutwa na matone kwa ndani, ukuta haujakauka. Unga mweupe ukijitokeza, upanguswe kwa brashi kavu. Kisha ianze dari, zifuate kuta: mkono wa kwanza rangi ya maji iliyozimuliwa, wa pili nzito. Asiyesubiri hununua rangi mara mbili.