Uongozi wa Kujitolea Mashinani: Chama Kipya cha Siasa Katika Malindi na Kilifi

Viongozi wa kujitolea wa chama cha siasa ni wenyeviti, makatibu, waweka hazina, wahamasishaji na mawakala wanaokifanyia chama kazi katika wadi na vijiji bila mshahara. Chama kikongwe huweza kuwasahau kwa miaka minne na bado kikaambulia kura za mazoea. Chama kipya hakiwezi, kwa kuwa mazoea hayo hakinayo. Katika kaunti ya Kilifi, yenye maeneo bunge 7 na wadi 35, kazi hiyo ni kubwa kuliko waanzilishi wengi wanavyoikadiria.

Pwani imeona vyama vingi vikizaliwa. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kiliundwa mwaka wa 1960 na kuvunjwa Novemba 1964. Chama cha Shirikisho kilipata kiti kimoja tu, cha Likoni, katika uchaguzi wa 1997. Mfano wa karibuni ni Pamoja African Alliance (PAA) ya Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi baada ya kuchaguliwa mara mbili kwa tiketi ya chama cha ODM. Mwaka wa 2022 PAA ilishinda ubunge wa Ganze, Rabai na Kinango, lakini ODM ikachukua ugavana wa Kilifi pamoja na ubunge wa Malindi na Magarini. Sababu za matokeo hayo ni nyingi. Mojawapo isiyotajwa sana ni kwamba ODM ilikuwa na kamati zake vijijini tangu enzi za uchaguzi wa 2007, nayo PAA ilikuwa na miezi michache tu ya kuziunda zake. Juu ya hayo, PAA ilijiunga na muungano wa Azimio Aprili 2022 na kuhamia ule wa Kenya Kwanza mwezi uliofuata. Uamuzi wa namna hiyo hupitishwa na viongozi wachache wa juu, ila anayerudi kwenye nyumba zilezile kuueleza ni mhamasishaji wa wadi, ambaye aghalabu hakuulizwa.

Sheria nayo ina lake la kudai. Ibara ya 91 ya Katiba inataka chama kiwe na sura ya kitaifa na inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, kabila au eneo. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inadai wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kama wapigakura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani angalau kaunti 24. Maana yake ni kwamba chama kinachoanzishwa Malindi, hata kikiungwa mkono na kila nyumba kutoka Mtwapa hadi Marafa, hakiwezi kupata usajili kamili bila watu wa kujitolea katika kaunti nyingine 23. Waanzilishi wengi wa Pwani hukumbuka jambo hili wakiwa wamekwisha kuchapisha fulana.

Mwenyekiti wa wadi ndiye anayeonekana jukwaani, na cheo hicho hugombaniwa. Katibu hagombaniwi, ingawa yeye ndiye anayeamua kama chama kipo au ni kelele tu. Chombo chake ni daftari: jina, nambari ya kitambulisho, kituo cha kupigia kura, simu, na sahihi au alama ya dole gumba. Daftari likijazwa vizuri, mratibu wa eneo bunge atajua kuwa Ganda kuna wanachama wa kutosha na Jilore hakuna kitu. Likijazwa vibaya, huweza kuwa kosa la kisheria. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walipoangalia usajili wao kwa mtandao walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, na leo mtu yeyote huweza kujiangalia kwa kubonyeza *509#. Orodha iliyonakiliwa kutoka mahali pengine, au iliyokusanywa mangweni baada ya watu kunyweshwa, itaumbuka siku moja. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imefanya nambari ya kitambulisho kuwa amana, na daftari halipaswi kuachwa juu ya meza ya hoteli.

Nani basi awe katibu? Vijijini jibu la haraka huwa mwalimu, nalo ni jibu la hatari. Mtumishi wa umma haruhusiwi kushika wadhifa katika chama, na hilo linamhusu mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) pamoja na chifu na naibu wake. Mwalimu mstaafu hana kizuizi hicho, na mara nyingi huwa na muda, hati nzuri na heshima ya mtaa. Kwa uweka hazina, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wamekwisha kufuzu: wanajua kuhesabu pesa mbele za watu, kuandika na kumdai asiyelipa. Hata hivyo, kamati nyingi huwapa uratibu wa wanawake tu na kumkabidhi kijana wa mgombea mfuko wa fedha. Vijana wa maskani na bodaboda hutumwa kubandika mabango, na kwa kutumwa hivyo tu hawajawa viongozi.

Ratiba ya kazi hufuata maisha ya mahali. Wavuvi wa Shella na Watamu hawaitiki mkutano wakati vyombo viko baharini, Ijumaa adhuhuri haifai mjini Malindi, Jumapili asubuhi haifai Kakuyuni, na penye matanga hakuna mkutano mwingine. Magarini shida ni umbali: kutoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi hadi vijiji vya Adu, nauli ya bodaboda humaliza posho ya mfanyakazi wa kibarua. Kujitolea kwa kweli ni kutoa muda. Chama kinachomtaka mtu atoe muda na nauli vilevile kitabaki na wale wenye mgombea wa kuwalipia, na hao ni watu wa mgombea.

Kazi ya wakala wa siku ya kura inastahili maandalizi kuliko nyingine zote. Kilifi ilikuwa na wapigakura zaidi ya 588,000 mwaka wa 2022, na kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo mawakala wanaohitajika hawapungui 840. Wakala hukaa tangu kituo kifunguliwe hadi hesabu ikamilike usiku, huangalia kura zilizoharibika na zinazobishaniwa, hutia sahihi fomu ya matokeo (34A ya urais, 35A ya ubunge) na hudai nakala yake. Asipoelewa fomu, sahihi yake huwa ushahidi dhidi ya chama chake. Magarini ilitoa somo: mwaka wa 2022 mshindi wa ubunge alimpita mpinzani wake kwa kura 21, mahakama ikaufuta uchaguzi huo, na wapigakura wakarudi vituoni Novemba 27, 2025. Katika tofauti kama hiyo, wakala mmoja aliyeondoka mapema kutafuta chakula anaweza kugharimu kiti.

Kinachowavunja moyo watu hawa si kukosa mshahara. Wengi waliingia wakijua hautakuwepo. Kinachowavunja ni kura za mchujo, pale tiketi inapokabidhiwa mtu aliyehamia chamani juzi na kamati ya wadi ikaarifiwa kwa simu. Mwenyekiti aliyepuuzwa hivyo haondoki peke yake. Huondoka na daftari, na pengine na kijiji kizima. Dawa yake haina gharama kubwa: muhula wa kamati uandikwe, uchaguzi wake ufanyike kwa tarehe iliyotangazwa, nauli irudishwe kwa stakabadhi, na katiba ya chama ipatikane kwa Kiswahili katika kila wadi. Waanzilishi wanaojiandaa kwa uchaguzi wa 2027 waanze na hayo kabla ya kuagiza fulana.