Na Wale Mlioanza Nao

Ndugu zangu wahitimu, naona shangazi wameshona sare, naona wazee waliosafiri usiku kucha, na vigelegele hivi ni haki yenu kabisa.

Naomba ruhusa nizungumzie watu ambao majina yao hayamo katika ratiba ya leo. Mlianza nao mwaka wa kwanza. Kila mmoja wenu anamkumbuka angalau mmoja: yule ambaye akiingia jukwaani hata waliokaa mlangoni wananyamaza. Huyu alidisko, yaani alifeli akaondolewa chuoni. Yule ada ilimshinda, akaaga kwamba anakwenda nyumbani mara moja, hakurudi. Mwingine baba yake alisema kuigiza si kazi, akamtafutia nafasi kwenye uhasibu.

Nayasema haya kwa sababu katika fani yetu zimekuwepo shule kubwa zilizowapunguza wanafunzi kwa makusudi, tena zikaona fahari. Pale New York, Juilliard ilifungua idara yake ya tamthilia mwaka 1968, chini ya John Houseman na Michel Saint-Denis. Kundi la kwanza lilihitimu 1972. Mwigizaji Patti LuPone alikuwemo. Lakini wengi walioanza naye hawakufika siku hiyo. Kwa miaka mingi idara ile ilikuwa na mchujo: ukifika mwisho wa mwaka wa pili, walimu wanakaa, na hadi theluthi moja ya darasa inaweza kuambiwa iondoke. Chicago nako, shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha DePaul ilikuwa na mchujo wake baada ya mwaka wa kwanza, hadi nayo ilipouacha.

Walimu wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hoja, na nimeisikia hata hapa kwetu: soko la sanaa halina huruma, basi kijana aambiwe mapema, angali na umri wa kutafuta njia nyingine. Tena wakibaki wachache, kila mmoja anapata muda zaidi wa mwalimu.

Hoja hiyo siikubali. Kuingia Juilliard peke yake ni mchujo. Zaidi ya watu elfu moja hufanya usaili, na wanaochukuliwa ni kama 18 tu. Yule aliyeondolewa mwaka wa pili alikuwa amechaguliwa na walimu haohao, katika umati huo wote. Walimwona, wakampenda, wakamwita, akahama kwao na kukopa ada. Kama hawakuwa na hakika naye, siku ya kusema ilikuwa ile ya usaili. Ukishampokea mwanafunzi, kazi yako ni kumfundisha.

Na kuna madhara ambayo hesabu za waliobaki hazionyeshi. Mmefanya mazoezi ya jukwaani miaka mitatu, kwa hiyo mtanielewa. Mnaigiza wawili, mke na mume wanagombana. Mwenzako anasema neno lake, nawe inakupasa umsikilize yeye, neno likuingie mwilini kabla hujajibu. Lakini safu ya tatu amekaa mwalimu na daftari, na mwezi ujao ndipo majina yanatoka. Jicho lako linakwenda kwenye daftari. Sauti unayotoa ni ileile aliyoisifu wiki iliyopita, na mkono unaupeleka palepale ulipoupeleka siku ile. Hujaribu kitu kipya, maana kipya kinaweza kuharibika mbele ya watu. Mwigizaji anayeogopa kuharibu hajifunzi kuigiza. Anajifunza kujificha, na anaweza kuhitimu na tabia hiyo.

Mwigizaji Jessica Chastain alisoma Juilliard wakati mchujo ungalipo. Alikuwa wa kwanza katika familia yake kuingia chuo kikuu, na mwaka wake wa kwanza uligubikwa na hofu ya kuondolewa. Alibaki, akahitimu 2003, na mwaka 2022 akapata Oscar. Sehemu ya habari yake ninayotaka mwondoke nayo inahusu ada. Masomo yake yalifadhiliwa na mwigizaji Robin Williams, ambaye naye aliingia Juilliard mwaka 1973 na kuondoka 1976 bila kumaliza. Williams alipofariki mwaka 2014, Chastain alisema hadharani kwamba ufadhili ule ndio uliomwezesha kuhitimu. Fikirini: mtu ambaye mwenyewe hakufika mwisho ndiye aliyemlipia mwingine afike.

James Houghton alipochukua uongozi wa idara ile mwaka 2006, mchujo ulifutwa. Shule haikuporomoka. Mwigizaji Adam Driver, aliyehitimu 2009, ni mmoja wa waliotoka baada ya hapo.

Kwetu, ndugu zangu, anayechuja zaidi ni ada, nauli na kodi ya chumba. Hakuna kikao cha walimu wala orodha inayobandikwa ukutani. Kijana anakosa mtihani mmoja kwa sababu hajamaliza malipo, halafu anakosa wa pili, halafu kitanda chake bwenini kinapewa mwingine. Kwa vile hakuna aliyetamka neno, sote tunajiona hatuna hatia. Mimi naona tunayo. Chuo Kikuu cha Yale kilifuta ada katika shule yake ya tamthilia mwaka 2021, baada ya kupewa dola milioni 150 na mfuko wa David Geffen. Ni shule aliyohitimu Lupita Nyong'o wa Kenya mwaka 2012, ada ilipokuwa bado inalipwa. Sisi hatuna milioni 150. Lakini wasanii wetu wakubwa wanaoweza kumlipia mtoto mmoja muhula mmoja wapo, na baadhi yao wamekaa humu ukumbini. Nawaomba hadharani, mbele ya wazazi hawa.

Nanyi wahitimu, baada ya miaka michache mtakaa upande wa pili wa meza ya usaili. Mtakuwa walimu, waongozaji, wenye vikundi. Chukueni wachache kama nafasi ni chache, ila mliowachukua kaeni nao mpaka mwisho. Mwanafunzi akizembea, muiteni na mumwambie usoni, mumpe muda na kazi ya kufanya. Akiamua mwenyewe kuondoka, aondoke bila kuambiwa kwamba hakuwa msanii, maana hilo hakuna mwalimu anayelijua juu ya kijana wa miaka ishirini.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nina ombi moja kwako. Wale walioondoka kwa kukosa ada, matokeo yao ya mihula waliyomaliza yahifadhiwe, ili akirudi mtu baada ya miaka miwili aanzie alipoishia. Kwa ruhusa yako nitalipa ada ya wa kwanza atakayerudi. Wahitimu, namba zao mnazo. Wapigieni leo, kabla ya muziki kuanza, muwaambie.