Dirisha la Tikiti Lifunguliwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wasafiri na wafanyakazi wa reli)



Leo sitasema habari ya vyeo vya wakubwa. Nitasema habari ya tundu dogo katika ukuta wa stesheni, pale karani anapokaa na kitabu chake cha tikiti. Wengine watasema ni neno dogo. Sherti mnisikilize mpaka mwisho, nanyi mtaona kwamba ni neno la uzima na kufa.

Reli yetu si ya jana. Ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mwaka wa 1915 ilifika Albertville, ndiyo Kalemie, penye ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1928 ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo. Nani alivunja mawe na kubeba mataruma? Ni baba zetu. Tena Mkongo aliendesha mashine ya gari la moshi siku zile ambapo mtu mweusi wa Rhodesia alikatazwa kazi hiyo. Basi mtu asituambie kwamba kuuza tikiti kwa utaratibu ni kazi iliyotushinda.

Tufanye hesabu. Karani anauliza msafiri anakwenda wapi, anaandika, anahesabu feza, anatafuta ya kurudisha. Tuseme ni dakika 3. Wasafiri 300 ni dakika 900, ndizo saa 15. Karani gani atakaa saa 15? Mama gani atasimama saa 15 na mtoto mgongoni? Lakini wekeni makarani 3, zinakuwa saa 5. Fungueni madirisha siku 2 mbele ya treni, zinakuwa saa mbili na nusu kila siku. Kumbe mlolongo mrefu hautoki kwa ukaidi wa raia. Unatoka kwa mkubwa aliyeweka mtu mmoja mahali pa watu watatu.

Treni ya wasafiri ikipita mara chache, shida inazidi, kwa kuwa watu wa vijiji vyote wanakuja siku moja. Hapo ndipo anapotokea mchuuzi wa tikiti. Yeye hakusimama juani, lakini ana tikiti 10 mfukoni, naye anaziuza kwa bei anayotaka. Amezipata wapi? Amezipata kwa mlango wa nyuma.

Lakini, wandugu, tusimtukane karani peke yake. Wafanyakazi wa SNCC wamegoma mara nyingi kudai mishahara iliyochelewa miezi mingi. Mtu anayeshika feza za wengine mchana kutwa, na nyumbani watoto wake hawana unga, amewekwa katika jaribu kubwa. Haki ya msafiri na mshahara wa karani ni jambo moja. Anayetenganisha mambo hayo mawili anataka tupigane sisi kwa sisi dirishani.

Sasa sikieni matunda ya dirisha lililofungwa. Mwezi wa Machi 2022, karibu na Lubudi, mahali panapoitwa Buyofwe, treni ya mizigo ilianguka. Watu zaidi ya 70 walikufa. Walikuwa wamepanda magari ya mizigo. Mwaka wa 2014 karibu na Kamina, na mwaka wa 2019 katika Tanganyika, treni za mizigo zilianguka vilevile na kuua watu waliozipanda. Wakubwa waliwaita wasafiri wa kujificha. Mimi nasema: mtu asiye na treni ya wasafiri wala dirisha la kununulia tikiti hajifichi, amefungiwa mlango. Na yule asiye na tikiti hana jina katika kitabu chochote. Akifa, jamaa zake wanazunguka kumtafuta, wala hakuna karani wa kuwaambia alipandia wapi.

Kwa hiyo tunadai haya. Bei ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hesabu ya viti itangazwe mbele ya kuuza. Stesheni ndogo za njiani zipewe sehemu yao ya viti, Lubumbashi isimalize vyote. Kila msafiri apewe namba anapofika, na wazee, wagonjwa na wenye mimba watangulizwe. Siku za watu wengi makarani waongezwe. Na mshahara ulipwe kwa mwezi wake.

Nasi tuna kazi yetu. Tusimpe karani feza ya siri, maana feza hiyo inamrudisha nyuma ndugu aliyekuja alfajiri. Tusinunue tikiti kwa mchuuzi. Tuchague watu wetu wa kulinda mlolongo, na mtu mwenye cheo akija asipite mbele ya mwanamke mwenye kikapu.

Uhuru wa mwaka wa 1960 haukutafutwa ili mtu akae tena juani akingojea kuitwa. Heshima ya raia inaonekana pale dirishani, kwa namna anavyojibiwa. Twendeni kwa mkubwa wa stesheni kwa amani, wote pamoja, na madai haya mkononi.