Kona 57 na Mdogo Wangu



Tulitoka Itungi ziwani, mimi na mdogo wangu, kumfuata mama mkubwa aliyekuwa mgonjwa Matamba. Tulipitia Tukuyu na Mbeya. Baada ya Chimala kuna kona 57 za kupanda mlima. Mvua ilikuwa imenyesha, na ukungu umetanda. Kwenye kona moja gari likaanza kurudi nyuma. Mimi, mwenye shahada, nikabaki kupiga kelele. Yeye akaruka na jiwe, akazuia gurudumu.

"Kaka, shuka. Niachie usukani."

Nikashuka, nikapanda kwa miguu nimebeba jiwe. Mzee wetu alikuwa na ada ya mmoja tu, nikaletwa mimi hapa. Mama mkubwa tulimkuta anaota moto. Akauliza nani ameendesha.