Nyayo za Chembe na Istilahi za Kiswahili

Mhadhara huu unachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza kazi moja ya fizikia ya leo: kutambua mapito ya chembe papo kwa papo. Mfano wake ni jaribio la LHCb katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Humo protoni hugonganishwa, na chembe zinazozaliwa hupenya matabaka ya vitambuzi. Chembe yenyewe haionekani. Huacha nukta tu katika kila tabaka. Nukta za chembe nyingi huchanganyika, na sharti ijulikane ipi ifuatane na ipi.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “ujenzi upya wa njia”. Tafsiri hiyo inapotosha, kwani hakuna kilichobomoka. Msasi asomaye nyayo hajengi kitu. Huunganisha alama, akamjua aliyepita. “Ufuatiliaji wa nyayo” ni istilahi bora. Nyayo zisizo na mwenyewe, zitokanazo na nukta zilizopangana kwa bahati, wanafizikia huziita mizuka, na jina hilo linafaa kubaki.

Tangu 2022 jaribio hilo halina tena kichujio cha awali cha kielektroniki. Migongano takriban milioni 30 kwa sekunde hupitiwa na programu iitwayo Allen, kwa heshima ya Frances Allen, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Turing (2006). Karibu na mahali pa mgongano, programu hutafuta nukta tatu za matabaka yanayofuatana. Zikinyooka mstari mmoja, huwa mwanzo wa unyayo. Kazi hiyo hufanywa na mamia ya vichakataji vya michoro. (Kuchakata, ikumbukwe, ni kitenzi cha viwanda vya mkonge na korosho pia.) Vifaa hivyo vilibuniwa kwa picha za kompyuta, ambamo nukta nyingi za kioo hukokotolewa kwa pamoja. Migongano nayo haitegemeani. Hivyo maelfu ya hesabu huenda sambamba.

“Wakati halisi” ni tafsiri ya neno kwa neno, kana kwamba kuna wakati wa uongo. “Papo kwa papo” lasema lililo muhimu: uamuzi hauahirishwi. Hata “kuchuja” kuna upungufu. Achujaye tui hubaki na chicha, naye aweza kuikamua tena. Mgongano uliokataliwa na Allen hauhifadhiwi popote. Kitenzi chake ni kufuta.